Alipopewa Nafasi Seneta wa Siaya

Kusema bungeni hakumshindi mtu. Ukishaapishwa na kuonyeshwa kiti chako, utabonyeza kitufe, Spika atakutaja, nawe utaanza kama waanzavyo wenzako: "Asante, Bwana Spika, kwa kunipa fursa hii nami nichangie hoja iliyo mbele yetu." Dakika zako zikiisha utakaa, na jioni watu wa kwenu watakuona kwenye runinga. Kujadiliana ndiko kugumu, kwa sababu mjadala unamtaka mtu amsikilize aliyemtangulia, akumbuke alichosema mwaka juzi, kisha amjibu yeye na si kivuli chake. Katika Seneti ya Kenya, tangu iliporudi mwaka 2013, wachache wameifanya kazi hiyo kwa ufundi kama wa James Orengo, aliyekuwa seneta wa Siaya kwa vipindi viwili hadi 2022.

Hakuanzia Seneti. Aliingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1980 kupitia uchaguzi mdogo wa Ugenya, kijana wa miaka 29, katika Bunge la chama kimoja ambamo kunyamaza kulikuwa na faida kuliko kusema. Akajikuta na kundi dogo la wabunge wasionyamaza: Koigi wa Wamwere, Chelagat Mutai, Lawrence Sifuna, Abuya Abuya, na kutoka Pwani Mwashengu wa Mwachofi na Chibule wa Tsuma. Charles Njonjo, aliyekuwa waziri mwenye nguvu nyingi wakati huo, aliwabandika jina la kejeli, "dada saba wenye ndevu", akidhani atawadhalilisha. Jina likageuka nishani. Wapo waliofungwa, wapo waliokimbia nchi, na Orengo mwenyewe alipata kukimbilia Tanzania.

Nayataja haya kwa sababu ndiyo malighafi ya ufundi wake. Seneta wa kipindi cha kwanza anapotaka kuonya kuhusu serikali inayokiuka katiba, hana budi kutafuta mfano vitabuni. Orengo aliutoa kifuani. Alikuwa amekaa pande zote: mbunge wa chama kimoja, kijana wa FORD katika vuguvugu la vyama vingi, mpinzani aliyewasilisha hoja ya kutokuwa na imani na serikali ya Rais Moi Oktoba 1998 na kushindwa, mgombea urais wa 2002 aliyeambulia kura chache mno, kisha Waziri wa Ardhi kuanzia 2008, aliyesimamia sheria mpya za ardhi za 2012. Mtu wa namna hiyo hawezi kutishwa na kelele za upande wa pili, kwa kuwa upande wa pili amewahi kuukalia.

Mtazame anavyosimama. Hana haraka. Sauti yake ni ya chini, inayokwaruza kidogo, na hupandisha pale tu anapotaka neno moja libaki. Kanuni za Kudumu hazitaki mbunge asome hotuba iliyoandikwa, ila atupie jicho muhtasari wake tu. Wengi huikwepa kanuni hiyo kwa kuinamia karatasi au simu mwanzo mpaka mwisho. Orengo huinua uso. Huanza mbali, mara nyingi katika historia, mahali ambapo msikilizaji hajui anapelekwa wapi, kisha anakata kona na kuingia kwenye kifungu cha katiba kinachobishaniwa. Hapo ndipo uwakili wake unapoonekana. Ndiye yule aliyesimama Mahakama ya Juu mwaka 2017 kumwakilisha Raila Odinga katika kesi iliyofuta matokeo ya uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba. Lakini bungeni hakuzungumza kama yuko kortini. Jaji hulipwa ili asikilize. Seneta mwenzako ana simu mkononi na mlango uko nyuma yake. Lazima umkamate.

Hotuba yake inayokumbukwa kuliko zote ilimlenga mtu mmoja: Kipchumba Murkomen, wakati huo Kiongozi wa Wengi na mtetezi mkali wa serikali ya Jubilee. Orengo alimwambia, kwa utulivu wa mzee anayemwonya mdogo wake, kwamba serikali huwala watu wake, na kwamba serikali hiyo itamwadhibu yeye Murkomen. Tarehe 11 Mei 2020 Murkomen akavuliwa wadhifa huo na chama chake mwenyewe, na video ile ikazunguka kwenye simu za Wakenya kana kwamba imerekodiwa asubuhi hiyo. Wengine waliita utabiri. Mimi naita kumbukumbu: alikuwa ameona walioinuliwa na Moi wakishushwa na Moi, naye alikuwa akijumlisha tu hesabu aliyokwisha kuifanya zamani.

Ila sifa isiyo na doa ni ya marehemu. Machi 2018 Orengo akawa Kiongozi wa Wachache, akichukua nafasi ya Moses Wetang'ula, na mwezi huo huo Rais Uhuru Kenyatta na mpinzani wake Raila Odinga wakapeana mikono. Bingwa wa upinzani akapewa rungu siku ambazo upinzani ulikuwa umeacha kupinga. Mei 22, 2020 Seneti ilimwondoa Kithure Kindiki kwenye kiti cha Naibu Spika kwa kura 54 dhidi ya 7. Kosa lake kubwa lilikuwa kutotembea na chama. Orengo alikuwa upande wa wale 54. Ukiisikiliza siku ile yote, utaona kwamba aliyekuwa na hoja ni Kindiki, na waliokuwa na idadi ni wenzake. Ufundi wa mjadala haumwokoi mtu aliyekwisha kupangiwa kura, wala haumtakasi fundi aliyekubali upande usio na hoja nzuri. Mwalimu wa Murkomen kuhusu serikali zinazokula watu wake alikuwa mezani siku hiyo, na hakukaa na njaa.

Lipo na jambo jingine linaloniuma kama msomaji wa Kiswahili. Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Bunge, pamoja na Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Mwaka 1974 Rais Mzee Jomo Kenyatta aliamuru wabunge waongee Kiswahili, wakababaika na kuchekesha, na miaka mitano baadaye Kiingereza kikarudishwa. Tangu hapo hotuba nzito za Kenya, zikiwemo karibu zote za Orengo zinazotajwa, zimetolewa kwa Kiingereza. Maseneta kama Stewart Madzayo wa Kilifi wameonyesha kuwa sheria inajadilika kwa Kiswahili bila kupoteza hata nukta. Bado namsubiri atakayekipa Kiswahili pale bungeni ile historia, ule utulivu na ile kona ya ghafla ya mzee wa Ugenya.

Orengo sasa ni gavana wa Siaya, tangu Agosti 2022, na Seneti ndiyo inayowahoji magavana kuhusu fedha za kaunti. Kiti cha anayeulizwa si sawa na cha anayeuliza, na sidhani hata fundi kama yeye anakifurahia.

Kama wewe ni mwalimu wa midahalo shuleni, au unajiandaa kugombea udiwani au useneta 2027, kumbukumbu rasmi za Seneti ziko wazi kwa kila mtu. Zimeandika kila neno, na hata zogo la ukumbini zimelipa jina la adabu, "mashauriano ya sauti ya juu". Anza na zile za miaka ya Orengo akiwa Kiongozi wa Wachache. Soma kwanza aliyemtangulia, kisha umsome yeye, uone ni maneno gani ya mwenzake ameyachukua na kuyarudisha. Na ukifika Mei 22, 2020, usiache kumsoma Kindiki.