Infinix Walipoitupa Kalamu

Kila Infinix wanapotoa Note mpya, wenzangu hukimbilia kamera na kasi ya kuchaji. Mimi huigeuza simu na kutazama ukingo wa chini, nikitafuta tundu la kalamu. Halipo. Halijakuwepo tangu Note 7 ya Aprili 2020, na kwangu huo ndio uamuzi mbovu kuliko wote ambao kampuni hiyo imefanya katika soko letu.

Tukumbuke walichokuwa nacho mkononi. Note 4 Pro ya 2017 ilikuja na kalamu yake, X Pen. Mwaka 2018 ikafuata Note 5 Stylus, skrini ya inchi 5.93, Android One safi, na kalamu inayotambua viwango 4,096 vya mkandamizo. Mwaka 2019 ikaja Note 6, AMOLED ya inchi 6.01. Miaka mitatu mfululizo, mtu asiye na pesa ya Samsung aliweza kupata simu ya kalamu kwa bei ya simu ya kawaida. X Pen haikuifikia S Pen ya Samsung, hilo halina ubishi. Teknolojia ya Wacom waliyoichukua Samsung tangu Note ya kwanza ya 2011 ni ya daraja jingine. Lakini X Pen iliandika, na ilikuwa ya kwetu.

Kisha Note 7. Betri ya mAh 5,000, laini mbili na nafasi ya memori kadi kando: kazi nzuri. Skrini ikapanuka hadi inchi 6.95. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Kwa mara ya kwanza kiganja kilipata mahali pa kutulia wakati wa kuandika, na papo hapo wakaondoa chombo cha kuandikia. Tena skrini yenyewe walishaishusha, kutoka AMOLED yenye upana wa pikseli 1,080 hadi IPS ya pikseli 720. Ukubwa ukapanda, maandishi yakafifia, kalamu ikaondoka, jina likabaki.

Angalia tarehe. Shule za Kenya zilifungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona. Tarehe 6 Aprili watu wakazuiwa kuingia na kutoka eneo la Nairobi na viunga vyake, na sisi wa mtaa wa Membley tukiwa ndani ya mpaka huo. Mwalimu wa hesabu alibaki sebuleni na simu peke yake. Mpe mgawanyo mrefu aufundishe kwa kidole: tarakimu moja inakula robo ya skrini, ncha ya kidole inafunika kile kile kinachoandikwa, na mstari unatokea pembeni ya pale alipolenga. Kwa hiyo aliandika kwenye karatasi, akapiga picha, akaituma WhatsApp. Mtoto naye akajibu kwa picha, imepinda, ina kivuli cha mkono. Mwalimu hakuwa na namna ya kutia alama ya vema palipo sahihi na kuzungushia hatua iliyokosewa, jambo ambalo kalamu yoyote, hata ile ya Note 4 Pro, ingelifanya bila shida.

Najua utetezi: simu huundwa miezi mingi kabla ya kuuzwa, na korona haikutabiriwa. Nakubali kwa Note 7. Je, Note 8 ya Oktoba mwaka ule ule? Skrini ni ile ile ya inchi 6.95, kalamu haipo. Kufikia hapo nchi nzima ilikuwa imekaa miezi ikisoma na kufanya kazi kupitia simu. Hapo sioni kisingizio.

Utetezi wa pili ni kwamba watu hawakuitumia kalamu. Samsung walisema maneno ya namna hiyo Januari 2025 walipoing'oa Bluetooth kwenye S Pen ya S25 Ultra. Hesabu hiyo inapima kalamu imechomolewa mara ngapi. Haipimi ilipochomolewa iliokoa nini.

Tembea hapa Membley, ambapo kila baada ya nyumba chache kuna mjengo. Mwenye nyumba yuko Doha, fundi wa stima yuko juu ya ngazi, na kati yao kuna picha ya ramani kwenye simu. Soketi ya friji inatakiwa kuhama ukuta. Kwa kidole, duara la kuonyesha mahali linameza jikoni, stoo na nusu ya choo. Fundi anachimba anapodhania, na plasta inarudiwa kwa gharama ya mwenye nyumba. Kwa kalamu unavuta picha, unachora mshale mmoja mwembamba, unaandika "sm 120 kutoka mlangoni". Fundi hana haja ya kupiga simu kuuliza. Kazi hiyo huenda ikaja mara mbili kwa mwezi, na hakuna takwimu ya matumizi itakayoipa uzito wake.

Na usiniambie haikuwezekana kwa bei hiyo. Februari 2020, miezi miwili kabla ya Note 7, Motorola walitangaza Moto G Stylus kule Marekani kwa dola 300. Kalamu yake ilikuwa ya kawaida kabisa, haijui hata umekandamiza kiasi gani. Wameendelea kutoa simu hiyo mwaka baada ya mwaka. Infinix walikuwa wamewatangulia, wakauacha uwanja wakati mwingine anaingia.

Samsung nao sijawasamehe yote. Note 4 ya 2014 ndiyo ya mwisho kufunguliwa mgongo ukabadilisha betri. Note 5 ikanyimwa memori kadi, na kalamu yake ukiichomeka kinyume inang'ang'ania ndani. Kilele kilikuwa Note 9 ya 2018: memori kadi ipo, tundu la earphone lipo, kalamu inapiga picha kwa mbali, na sekunde 40 ndani ya ala zinaijaza. Tangu hapo wamekuwa wakipunguza.

Infinix walioweza kutia chaji ya sumaku kwenye Note 40 mwaka 2024 hawashindwi na ala ya kalamu. Wairudishe. Kwa sasa mwenye bajeti ndogo atabaki kutafuta Note 9 ya Samsung ya mtumba. Ukiipata, kabla hujalipa fungua kamera, chomoa kalamu, bonyeza kitufe chake. Isipopiga picha hata baada ya kukaa kidogo ndani ya ala, huenda ni kalamu ya kubadilishiwa isiyo na Bluetooth. Itaandika vizuri tu, lakini bei ishuke.