Mwandishi Mezani pa Baa: Uhakiki wa Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila

Tram 83, iliyotolewa Paris mwaka 2014, ni riwaya ya kwanza ya Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na kuhamia Graz, nchini Austria. Mwaka 2015 ilitoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Roland Glasser, ikapata pia tuzo ya Etisalat ya mwaka huo. Wahakiki wengi wameisifu kwa mwendo wake wa jazi. Makala haya yanachunguza jambo lingine: mwandishi anayetoka usiku kwenda baani anatafuta nini huko, na ni nani anayelipa gharama ya matembezi yake?

Mandhari ya riwaya ni mji usiotajwa kwa jina halisi. Unaitwa Mji-Nchi, nao umejitenga na sehemu nyingine, inayoitwa Nchi ya Nyuma. Mna stesheni ya reli ambayo ujenzi wake wa chuma haukukamilika, migodi, wachimbaji, wanafunzi wanaogoma, na wageni waliofuata faida. Msomaji wa Lubumbashi hatakosa kuyatambua mazingira ya reli na madini. Usiku ukiingia, watu hao wote hukutana katika Tram 83. Kwa hiyo baa hiyo si mahali pa starehe tu; ni soko na ni baraza, maana biashara na habari zote za mji hupitia hapo.

Katika baa hiyo anaingia Lucien, mwandishi wa tamthilia, aliyetoka Nchi ya Nyuma. Anapokewa na Requiem, rafiki wa zamani anayeishi kwa magendo na vitisho, na ambaye haoni fasihi ina faida gani. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la Lucien ni daftari lake. Katikati ya kelele anaandika anayoyaona na kuyasikia, huku akijihesabu kuwa msafi kuliko wanaomzunguka.

Hapo ndipo riwaya inapoonyesha nguvu yake. Mwandishi analaumu biashara ya mji, lakini analala kwa Requiem na kuishi kwa fedha ya biashara hiyohiyo. Mchimbaji anatoa jiwe ardhini. Yeye anatoa maneno vinywani mwa wanywaji. Hata Malingeau, mchapishaji anayekutana naye baani, anamtaka apunguze wahusika wa kitabu chake, kama mnunuzi anayechagua mali. Mujila hamtetei mwandishi wala hamdhihaki kupita kiasi. Anamweka mezani pamoja na wadeni wengine.

Kwa upande wa fani, orodha ndefu za watu na vitu zinaufanya ukurasa ujae kama baa yenyewe. Mazungumzo ya wanaume hukatizwa mara kwa mara na wasichana wanaouliza saa, swali ambalo kwa kweli ni la kumvuta mteja. Mbinu hii inafaulu: haimruhusu msomaji kusikiliza hoja za Lucien na kuisahau bei ya usiku huo.

Hata hivyo, kasoro kubwa inatokana na mbinu hiyohiyo. Wengi wa wanawake hao wametajwa kwa makundi ya umri tu, wadogo wakiitwa vifaranga vya bata. Tunasikia swali lao mara nyingi, lakini ni mara chache tunaelezwa wanakorudi asubuhi, wanamlisha nani, na wanasema nini wao kwa wao. Inaweza kujibiwa kwamba ndivyo mji unavyowaona. Jibu hilo halitoshi, kwa kuwa riwaya iliyoweza kumfunulia msomaji deni la mwandishi kwa Requiem ingeweza kufunua pia deni lake kwa wanawake ambao sauti zao ndizo zinazoipa mdundo.

Pamoja na kasoro hiyo, Tram 83 inastahili kusomwa na kujadiliwa na wanafunzi wa fasihi, hasa wanaojiandaa kuandika juu ya maisha ya watu wa miji ya migodi.