Jino, Gamba na Mpande

Mwaka 2009 Tucker na Tenorio walitoa kitabu cha kupanga konokono wa bahari wanaoitwa Conus. Mwaka 1758 Linnaeus aliwaweka wale aliowajua katika jenasi moja. Hawa wawili wakaangalia gamba na jino, wakafikisha jenasi zaidi ya 100.

Kazi ni nzuri. Jino la konokono huyo njo mkuki wake: lina tundu ndani, linapitisha sumu. Mwenye kula minyoo, mwenye kula samaki, kila mmoja iko na jino la namna yake. Lakini hapo njo penye kasoro: meno yanaweza kufanana sababu ya chakula, si sababu ya ukoo. Mwaka 2014 Puillandre na wenzake walipima ADN, wakabakisha jenasi nne tu.

Jambo hili linatugusa. Mpande, ile sahani nyeupe ya wakubwa wa Luba na Lunda, ni kichwa cha gamba la Conus, kilichokatwa na kusuguliwa. Jino halipo, sehemu kubwa ya gamba imetupwa. Kwa njia ya kitabu hicho, aina yake ni vigumu kuitaja.

Basi tuulize mambo mengine. Livingstone aliandika kwamba mwaka 1854, kwa Walunda wa Shinte, mpande mbili ziliweza kununua mtumwa. Waandishi wetu wanasifu mpande kama pambo la ufalme, na ni kweli. Waandike pia juu ya yule aliyeuzwa.