Genesis: Mwimbaji Aliondoka, Gitaa Ndilo Lililoacha Pengo

Peter Gabriel alipoiaga Genesis mwaka 1975, wengi waliianzishia matanga bendi hiyo ya Uingereza. Yeye ndiye aliyeimba, aliyepuliza filimbi, aliyepanda jukwaani kavaa gauni jekundu na kichwa cha mbweha. Mapema mwaka 1976 ikatoka santuri ya A Trick of the Tail, na msikilizaji aliyeweka picha za jukwaani kando alipata shida kuonyesha msiba uko wapi. Mwaka 1977 akaondoka Steve Hackett, mpiga gitaa la solo, mtu aliyezoea kupiga akiwa ameketi. Safari hii muziki wenyewe uligeuka.

Tuanze na pengo lililozibika. Phil Collins, mpiga drams, alikuwa akiitikia nyuma ya Gabriel tangu alipojiunga, na alishaongoza nyimbo mbili: “For Absent Friends” ya 1971 na “More Fool Me” ya 1973. Bendi iliwajaribu waimbaji kadhaa wa nje kabla ya kumsogeza mbele huyu wa ndani, ambaye sauti yake masikio yalishaizoea. Jukwaani, drams zilishikwa na Bill Bruford, kisha Chester Thompson. Kikubwa zaidi ni kwamba mtambo wa utunzi haukuguswa: Tony Banks kwenye vinanda, Mike Rutherford kwenye besi na gitaa la nyuzi 12, Hackett kwenye solo. “Dance on a Volcano”, wimbo unaofungua santuri hiyo, unatembea kwa mapigo 7 badala ya 4, kama vile hakuna aliyehama.

Hackett alikuwa na kazi isiyoonekana kwa urahisi. Katika bendi nyingi za roki, gitaa la solo hukaa juu ya wenzake wote. Genesis ilimweka katikati, kati ya vinanda vya Banks na besi ya Rutherford, na kazi yake ilikuwa kuunganisha. Aligusa waya huku pedali ya sauti ikiwa imefungwa, kisha akaifungua taratibu. Ule mlio mkali wa mwanzo wa noti ukapotea, gitaa likaingia kama fidla, na msikilizaji akashindwa kujua kinanda kimeishia wapi. Katika “The Return of the Giant Hogweed” ya 1971 aligonga nyuzi kwa vidole vya mkono wa kulia juu ya shingo ya gitaa, noti zikamwagika kwa kasi ya kinanda.

Mfano ulio wazi zaidi ni “Firth of Fifth” ya 1973. Gabriel anapuliza tuni kwa filimbi, fupi na nyembamba. Baadaye Hackett anairudia tuni ileile kwa gitaa, akizivuta noti ndefu juu ya bahari ya vinanda, mpaka ile iliyokuwa kama mnong’ono inakuwa kilele cha wimbo.

Hackett alitaka tungo zake zipewe nafasi zaidi, hakuridhika, akaondoka. Watatu waliobaki waliingia studio nchini Uholanzi, na mwaka 1978 wakatoa ...And Then There Were Three... Rutherford alibeba mizigo miwili: anarekodi besi, kisha anarudi kurekodi gitaa juu yake. Hapo ndipo mabadiliko yanaposikika. Magitaa mawili yaliyokuwa yakijibizana sasa yalikuwa mtu mmoja akijijibu. Katika “Burning Rope” anapiga solo yenye tuni nzuri, lakini inapita juu ya muziki badala ya kupenya ndani yake. Pale katikati palijazwa na sinthesaiza za Banks, zinazotanda kama ukungu.

Urefu nao ulipungua. Foxtrot ya 1972 ilikuwa na nyimbo 6, mmoja wao ukipita dakika 20. Santuri ya 1978 ina nyimbo 11, na mrefu kuliko zote una dakika 7 hivi. Kufupisha kulikuwa chaguo lao pia, na kuliwalipa: “Follow You Follow Me”, uliojengwa juu ya kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia, ulifika nafasi ya 7 Uingereza.

Kwa maonyesho ya mwaka huo walimkodi Mmarekani, Daryl Stuermer, aliyebadilishana gitaa na besi na Rutherford. Alizipiga sehemu za Hackett kwa ufundi mkubwa, na wimbo wa zamani ukapata tena mikono yake yote. Lakini wakirudi studio, Stuermer hakuingia nao. Kiti cha kupigia kilipata mtu. Kiti cha kutungia walikiacha wazi, na nyimbo zilizofuata zikatungwa kwa kukizunguka.