Mwalimu, Wewe Ulikipenda? Riwaya Tatu Nilizozisoma Upya bila Mwongozo

Msichana mmoja wa kidato cha nne, hapa Kakamega, aliniuliza swali ambalo halimo katika mwongozo wowote: "Mwalimu, wewe mwenyewe ulikipenda kitabu hiki?" Nilikuwa nimekifundisha miaka kadhaa. Nilijua maudhui yake, wahusika wake na mbinu zake kwa mpangilio. Jibu la swali lile sikuwa nalo.

Likizo iliyofuata niliweka kalamu nyekundu kando nikazisoma upya riwaya tatu: Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980), Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012) na Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei. Zote zimewahi kutahiniwa katika KCSE, na sasa nafasi hiyo inashikiliwa na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Kwa hivyo nilikuwa huru kuzisoma bila kuwaza swali la alama ishirini. Haya ndiyo yaliyonipata.

Nianze na Utengano. Darasani nilizoea kumwita Bwana Maksuudi "mhusika dhalimu na mnafiki", kisha nikaendelea na mhusika mwingine. Safari hii hasira ilinipanda kweli nilipofika pale Tamima anapotalikiwa kwa sababu ya kuhudumiwa na mkunga akiwa katika uchungu wa kuzaa. Niliyeshindwa kumsahau zaidi, hata hivyo, ni Maimuna. Alifungiwa ndani kwa jina la heshima, na alipotoka hakuwa na ujuzi wowote wa dunia. Mimi ni baba wa mabinti. Nilijiuliza ni mara ngapi nimewanyima ruhusa ya jambo nikidai ninawalinda, kumbe ninailinda sifa yangu. Swali hilo sijawahi kulipata katika maswali ya marudio.

Lalamiko langu ni moja. Maimuna anaporomoka haraka mno hadi katika maisha ya danguro. Nilitamani mwandishi akae naye zaidi, nisikie anavyowaza kabla ya kila hatua. Anayenipinga anaweza kusema kasi hiyo ni ya makusudi, kwa kuwa asiyeandaliwa huanguka ghafla. Hoja hiyo ina uzito, nami sijaimaliza kuijibu.

Kidagaa Kimemwozea kilinipa shida ya aina nyingine. Nakiri kwamba majazi yake yalinichosha. Ukishaambiwa kuwa mtu anaitwa Majisifu, umekwisha kujua mengi kabla hajatenda lolote. Jina la Nasaba Bora lina kinaya kizuri, lakini kinaya kilichobandikwa mlangoni hakimwachii msomaji kazi kubwa. Sadfa nazo ni nyingi.

Pamoja na hayo, sehemu mbili zilinishinda nguvu. Ya kwanza ni kifo cha mtoto Uhuru. Kwa miaka nimewaambia wanafunzi kwamba mtoto huyo ni jazanda ya uhuru wa nchi uliokufa ungali mchanga. Ni kweli. Ila nilipokisoma bila haraka, nilimwona kwanza mtoto mgonjwa aliyekosa kuhudumiwa. Tukikimbilia jazanda kabla ya kumwona mtoto, tunawafundisha vijana kusoma bila huruma.

Ya pili ni wizi wa mswada. Mwalimu Majisifu anajipatia sifa kwa kazi ya Amani. Nilifunga kitabu kwa aibu, kwa maana niliwahi kuyanakili maelezo ya mwalimu mwenzangu nikawagawia wanafunzi kana kwamba ni yangu. Nilikuwa nimewaorodheshea sifa za Majisifu ubaoni mara nyingi bila kujihesabu.

Chozi la Heri ndicho nilichokiogopa. Ridhaa amesimama penye majivu ya nyumba iliyoteketea na jamaa zake, na jirani yake wa miaka mingi ana mkono katika maangamizi hayo. Sisi tulioishi magharibi mwa Kenya wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 hatuhitaji maelezo ya chini kuhusu jambo hilo. Nilikiweka kitabu chini siku mbili. Sijui riwaya nyingine ya shuleni iliyolitazama suala la ujirani kwa ujasiri kama huo.

Udhaifu ninaouona ni msongamano. Ukeketaji, dawa za kulevya, ulanguzi wa watoto, ndoa za mapema: kila tatizo linabisha hodi, na mengine huondoka kabla hatujayafahamu. Wahusika ni wengi hata nikalazimika kuandika majina pembeni. Umu na nduguze wanapokutana tena nilifurahi, lakini nilihisi nimevutwa mkono kuelekea furaha hiyo.

Je, haya yana faida gani kwa mtahiniwa? Karatasi ya 102/3 haiulizi kama ulikipenda kitabu, na ukiandika "sikukipenda" hutapata alama. Lakini hisia ni mlango wa uhakiki. Ukikasirika, tafuta ukurasa uliokukasirisha. Ukishaupata, uliza mwandishi ametumia mbinu gani hapo. Kisha mpe nafasi anayeona tofauti nawe. Anayefuata njia hiyo hujenga hoja yenye mfano wake mwenyewe, na mtahini aliyesoma mamia ya majibu yaliyokaririwa hulitambua jibu la aliyesoma kitabu.

Walimu wenzangu, tusiitupe miongozo. Inasaidia, hasa pale nakala moja inaposomwa na wanafunzi watano. Ninachoomba ni kwamba kabla ya kuifungua, tutenge kipindi kimoja cha kuwauliza vijana walichohisi, nasi tuwe tayari kuulizwa vivyo hivyo.

Yule msichana alikwisha kumaliza shule nilipopata jibu lake. Kitabu alichoniulizia kilikuwa Kidagaa Kimemwozea. Ningemwambia hivi: sikukipenda chote, lakini kiliniumbua, nami nimekwenda kwa mwalimu yule niliyenakili maelezo yake nikamwomba radhi.