Wapima Ardhi Waliopanda na Vioo Mgongoni

Katika Milima ya Rocky ya Kanada, upimaji wa ardhi ulikuwa kazi ya msimu. Majira ya joto huko ni mafupi, na theluji haikawii kurudi vileleni. Kuburuta mnyororo wa kupimia kwenye magenge yale kusingewezekana. Édouard Deville, mzaliwa wa Ufaransa aliyeshika cheo cha Mpimaji Mkuu wa Kanada mwaka 1885, akaamua kazi hiyo ifanywe na kamera.

Picha ikipigwa kutoka mahali panapojulikana, kamera ikiwa imelala sawa kabisa, kila kitu kinachoonekana ndani yake kinakupa mwelekeo wake. Kilele kilekile kikionekana kutoka vituo viwili, mistari miwili huchorwa, na inapokatana ndipo kilele kilipo. Hata kimo chake hupatikana kwenye picha hiyohiyo. Maelezo ni mepesi. Utendaji wake ndio unaonifanya niwavulie kofia watu wale.

Mtazame Morrison Parsons Bridgland mwaka 1915, alipotumwa kupima Hifadhi ya Jasper. Farasi walibeba mizigo mabondeni, lakini huko juu kwenye mawe matupu binadamu ndiye aliyebeba: theodolaiti (chombo cha kupimia pembe), kamera, miguu yake mitatu, na vioo vya picha, maana enzi hizo picha ilinaswa kwenye kioo. Kuteleza mara moja kungeweza kuvunja kazi ya siku nzima.

Wakifika kileleni hawakukimbilia kupiga. Kamera ilisawazishwa kwanza, skrubu zikizungushwa kidogo kidogo hadi povu la pimamaji litulie katikati. Mbele ya lenzi kiliwekwa kichujio cha rangi ya manjano iliyokolea, kwa sababu hewa ya mbali ina ubuluu unaofifisha milima. Kichujio hicho hupunguza mwanga, hivyo lenzi ilibidi ikae wazi kwa muda mrefu zaidi, na upepo wa kileleni haumsubiri mtu. Mpiga picha ndiye aliyesubiri utulie. Kisha picha moja, kamera igeuzwe, picha ya pili ikipandana kidogo na ukingo wa ya kwanza, mpaka duara lizibe. Wingu likishuka, walikaa chini kungoja. Lisipoondoka, walirudi siku nyingine na kuupanda mlima upya.

Katika msimu ule mmoja Bridgland na watu wake walipata picha 735 kutoka vituo 92. Baridi ilipoingia walihamia ofisini, wakachora ramani kwa penseli kutoka kwenye picha hizo, mstari kwa mstari. Hawakutafuta uzuri. Hata hivyo picha zao ni nzuri mno: jiwe la miguuni na ukingo wa mbali vyote vikali, hakuna kilichopendelewa. Kwa macho yangu, ni wachache waliopiga mandhari kwa heshima kiasi hicho.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Jeanine Rhemtulla na Eric Higgs walipanda tena kwenye vituo vilevile vya Jasper kuzirudia picha hizo. Kuupata unyayo wa Bridgland ni ufundi wa aina yake. Unashika picha ya zamani mkononi, unatazama jiwe la karibu limeegemea wapi kwenye mlima wa nyuma yake. Ukisogea hatua moja tu, pengo kati ya jiwe na mlima linabadilika. Unasogea hadi vilingane. Picha mpya zilionyesha misitu imesongamana palipokuwa na uwazi, baada ya miongo mingi ya kuzima kila moto. Mpimaji wa 1915 hakukusudia kutoa ushahidi huo, lakini usahihi wake ndio ulioufanya uaminike.

Vioo zaidi ya laki moja vya wapimaji wa milima ya Kanada bado vipo, na kazi ya kuvirudia inaendelea chini ya Chuo Kikuu cha Victoria. Nawe unayepiga picha za milima, popote ulipo, andika tarehe, mahali uliposimama na upande uliolenga. Usiseme utakumbuka. Anayeweza kuja kusimama hapo miaka mia ijayo hatakuwa na wa kumuuliza.