Tafakuri Isiyotiwa Alama

Wengi wetu tuliosomea ualimu tumelisikia jina la Donald Schön. Kitabu chake, The Reflective Practitioner, kilitoka mwaka 1983. Nimekisoma upya muhula huu kwa sababu ya rundo la shajara lililokuwa mezani pangu, kazi ya walimu wanafunzi wetu waliotoka kwenye mazoezi ya kufundisha. Makala haya yanakipima kitabu hicho kwa jicho la mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda.

Schön anadai kuwa mtaalamu hodari hachukui nadharia na kuibandika tu juu ya kazi. Hufikiri wakati anatenda, kisha hufikiri tena baada ya kutenda. Mfano wake bora ni wa Petra, mwanafunzi wa usanifu majengo anayechora shule ya msingi. Mchoro wake haukubaliani na mteremko wa kiwanja. Mwalimu wake, Quist, anakaa naye, anachora huku akizungumza, na kumshauri aanze na mpangilio fulani hata kama baadaye utavunjwa. Hapa ndipo penye uzito wa kitabu: tafakuri haikungoja mradi uishe. Ilifanyika mezani, penseli mkononi.

Je, sisi tunafanyaje? Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, unawataka wanafunzi wafanye miradi. Walimu wetu watarajiwa wanaisimamia, kisha jioni wanaandika shajara. Karibu zote zinasema jambo moja: somo lilifana, wanafunzi walishiriki vyema, changamoto ni uhaba wa vitabu. Si kwamba vijana hawa hawafikiri. Wanajua kuwa msomaji wao ana kalamu nyekundu. Nani atakiri kwamba alishindwa, mbele ya mtu atakayemkata alama kwa kushindwa huko?

Shajara moja ilikuwa tofauti. Wanafunzi wa Kidato cha Pili walikuwa wakiandaa mabango ya duka la shule. Mwalimu wao alisahihisha kila kosa la upatanisho wa kisarufi hadi darasa likanyamaza, na bango likaandikwa na mmoja tu. Usiku ule alikiri kuwa alibaki akizungumza peke yake. Kesho yake aliwaacha wapange kazi kwa Luganda kwanza, kisha akaandika ubaoni: ekitabo ekipya, kitabu kipya, ebitabo ebipya, vitabu vipya. Darasa likacheka. Ngeli ile waliyoiogopa walikuwa nayo vinywani tangu utotoni. Mabango yakaandikwa na kundi zima.

Hiyo ndiyo tafakuri anayoizungumzia Schön. Nami, ndugu msomaji, pembeni mwa ukurasa huo niliandika: "Punguza matumizi ya lugha ya kwanza," nikapunguza alama mbili. Nilikuwa nimefuata fomu ya tathmini, sikumsoma mwalimu.

Kwa hiyo mfano wa Quist, pamoja na uzuri wake, hautufikishi mbali. Quist ana mwanafunzi mmoja mezani. Mwalimu wetu mtarajiwa ana darasa lililofurika, na mkaguzi anayemtembelea mara chache akiwa na fomu mkononi. Katika hali hiyo, shajara inayotiwa alama hugeuka kuwa barua ya kuomba kazi. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Nasi tumejenga utaratibu unaomlipa mfichaji.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mradi utiwe alama, lakini shajara isitiwe. Pili, shajara isomwe kila wiki na mwenzake anayefundisha shule ileile, wakijibu maswali machache: nilitaka nini, kilitokea nini, kesho nitabadili nini? Tatu, sisi wahadhiri tuandike zetu na kuwasomea wanafunzi wetu.

Wapo watakaosema kuwa kisichotiwa alama hakitaandikwa. Huenda baadhi wataacha. Lakini ukurasa mtupu unatuambia kwamba mwalimu hajafikiri, ilhali ukurasa uliojaa sifa unatuficha hata hilo. Mimi nimeanza na shajara yangu. Ukurasa wake wa kwanza unahusu zile alama mbili, na nimemrudishia mwenyewe.